Siku Mia na Kumi na Tatu

Kilwa Masoko
Jumanne, 28 Mei 2024

Amiri mume wangu,

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani, na sababu unaijua. Ukifika Mingoyo simu yako inashikwa na mwenye nyumba. Simlaumu Samia. Ningekuwa mimi mke mkubwa ningeishika na kuisoma pia. Barua hii naitia kwenye kifuko cha miwani yako, chini ya kile kitambaa, kwa kuwa tangu nikujue hujawahi kufuta miwani, na hakuna atakayepashuku. Nikikuaga nitakuambia uifute.

Kikao ni Alhamisi tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi, Lindi mjini, kwenye Tume ya usuluhishi wa kazi. Safari yako ya Mtwara iwe tarehe 12, ulale Mingoyo, asubuhi ufike. Utaulizwa jambo moja tu: pweza akiwa garini anafanya nini? Jibu unachokiona. Anatoa maji njia nzima.

Shika hesabu hizi, Haruna asije akakubabaisha na umeneja wake. Tarehe 2 Machi nilipima kilo 412 hapa, Mtwara zikapokelewa 371. Zimepungua 41. Kwenye barua ya kunifukuza wameandika kwamba hizo 41 niliziandika hewani, au mimi na dereva tulikula njama tukaziuza njiani. Lakini Januari zilitoka 460 zikafika 418. Februari zilitoka 380 zikafika 345. Kila safari zinapungua kilo tisa mpaka kumi katika mia. Miaka kumi na moja pweza anapungua hivyo hivyo na hakuna aliyeitwa mwizi. Mimi nimekuwa mwizi mwezi ule ule niliokataa kumkata kila mama anayetuuzia pweza kilo moja katika kumi zake.

Nilianza pale kwa kuosha ndoo. Mizani hakunifundisha mtu, nilijifunza kwa kusimama nyuma ya aliyekuwa anapima. Jina langu likibaki hivi lilivyo, hakuna mtu mwambao mzima atakayenipa mizani tena. Nataka fidia yangu, lakini kabla ya fidia nataka iandikwe kwamba sikuiba.

Kuna jambo linaninyima raha. Mzee Erasmo wa chama cha wafanyakazi aliponijazia fomu aliniuliza kama nina uhusiano wowote na dereva. Nikasema hapana. Neno moja tu, Amiri. Akaliandika haraka, kama aliyefurahi. Niliona nikisema ndiyo, kesi imekwisha palepale, na Samia atasikia ndoa yetu kwa watu badala ya kwako. Uliahidi utamwambia baada ya Idi. Idi ni tarehe 17, siku nne baada ya kikao. Miaka minne ya kujificha inatosha.

Mkeo,
Hafsa


Rasbura, Lindi
Jumatano, 5 Juni 2024

Binti Hafsa,

Amani iwe kwako. Barua hii nampa konda wa basi la asubuhi, ikufikie leo leo. Usinipigie simu kunijibu. Masikio yangu niliyaacha kwenye mashine za kiwanda cha korosho, na simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo.

Nina habari mbaya kwa kesi yetu. Yule dereva Amiri, shahidi wetu, amefariki juzi Jumatatu nyumbani kwake Mingoyo. Wanasema ni presha. Alikuwa anakula chakula cha mchana, akaomba maji, yakaletwa, hakuwahi kuyanywa. Tumemzika jana. Nilikwenda kwa ubinadamu, na pia kuuliza kama aliacha maandishi yoyote ya safari zake. Hakuna aliyejua.

Haruna alikuwepo na kanzu yake nyeupe. Alinipa mkono, akanisogelea sikioni ili nisikie vizuri: "Mzee, shahidi wako naye kapungua njiani?" Pale msibani! Nilimwambia vitabu vya uzito havifi.

Kwa hiyo usikate tamaa. Tumepoteza shahidi, hatujapoteza kesi. Sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikufukuza kwa haki, mzigo huo ni wake. Ila mlalamikaji asipokuwepo, mwajiri hana wa kumthibitishia. Njoo tarehe 13 na hati zote za uzito. Kula vizuri, lala, panda basi la kwanza.

Wako katika haki,
Erasmo, Katibu wa tawi (mstaafu)


Rasbura, Lindi
Ijumaa, 14 Juni 2024

Binti Hafsa,

Jana nilikaa kwenye benchi la Tume kuanzia saa tatu na robo. Kila basi la Kilwa lililopita niliinuka. Saa nne wakaita jina lako. Saa nne na nusu wakaliita tena. Haruna alikuwa anatazama saa yake kama mtu anayesubiri chai.

Nimekuombea udhuru bila kujua ni udhuru gani, kitu ambacho sikukifanya miaka ishirini na sita ya ukatibu. Mwamuzi amekubali mara hii moja. Kikao kimesogezwa hadi Alhamisi tarehe 4 Julai. Ameonya kwamba usipotokea tena shauri linaondolewa.

Una homa? Umepata ajali? Sema tu. Nimezoea wafanyakazi wanaochelewa, walevi, hata waliosahau jina la kampuni wanayoidai. Wewe ulinirudishia fomu nilipokosea tarehe kwa siku moja. Mtu wa namna hiyo hapotei hivi hivi.

Erasmo


Kilwa Masoko
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mzee Erasmo,

Shikamoo. Barua zako mbili zimenifika. Asante kwa kwenda kuzika.

Tarehe 4 Julai sitaweza kuja. Sababu siwezi kuiandika na naomba usiiulize. Niombee kikao kiahirishwe mpaka baada ya tarehe 11 Oktoba, yaani siku mia na kumi na tatu kuanzia leo. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo 15 ingefaa.

Hati za uzito ninazo zote thelathini na sita, zimefungwa kwa mpira. Hazijaguswa.

Hafsa


Rasbura, Lindi
Ijumaa, 5 Julai 2024

Hafsa,

Shauri limeondolewa.

Nilipeleka barua yako mbele ya mwamuzi. Kwa ajili ya masikio yangu huwa ananiandikia maswali kwenye karatasi. Nakutumia karatasi yenyewe uone nilivyodhalilika.

Mlalamikaji anaumwa? Nikajibu sijui.
Amefiwa? Sijui.
Yuko wapi? Nyumbani kwake.
Anafanya nini? Sijui.
Kwa nini siku mia na kumi na tatu? Sijui.

Mzee mzima wa miaka sabini na moja nimesimama pale kama mtoto aliyepotea sokoni. Haruna hakuhitaji hata sentensi mbili. Alisema kampuni iko tayari kuthibitisha, ila haioni wa kumthibitishia. Maneno yangu mwenyewe! Hapo mwamuzi akaandika: mlalamikaji ameacha kushiriki, shauri linaondolewa.

Kuna upenyo mmoja. Ndani ya siku kumi na nne unaweza kuomba shauri lirejeshwe, kwa kiapo cha maandishi kinachoeleza sababu ya msingi ya kutofika. Siku ya mwisho ni Alhamisi tarehe 18 Julai. Ikipita, wewe ni mwizi wa mizani mpaka unazeeka.

Konda ananiambia siku hizi hutoki nje. Barua unapokelea dirishani, anauona mkono tu. Watu wa Masoko wanasema kampuni imekulipa unyamaze. Mimi sisemi hivyo. Mimi nauliza. Umelipwa?

Kama hujalipwa, kuna daktari namfahamu. Cheti cha ugonjwa kinapatikana. Sijawahi kufanya hivyo, lakini na wewe hujawahi kuwa hivi.

Erasmo


Kilwa Masoko
Jumatatu, 8 Julai 2024

Mzee Erasmo,

Sijalipwa. Ningelipwa ungekuta nimeshapaka nyumba rangi, na Masoko nzima wangekuambia ni rangi gani.

Cheti cha daktari sitaki. Siumwi. Nimefukuzwa kwa kuambiwa niliandika kilo zisizokuwepo. Leo niandike ugonjwa usiokuwepo, halafu niende mbele ya mwamuzi kuapa kwamba siandiki visivyokuwepo? Wewe mwenyewe ungeniamini?

Usihangaike tena, Mzee. Acha tarehe 18 ipite. Nikija kule nitaulizwa mambo, na mengine tulishayajibu kwenye fomu. Nimechoka kuhesabu. Kila nikiamka nahesabu siku za Tume kwa mkono huu na siku nyingine kwa mkono ule, na hazikutani.

Nisamehe kwa kukuaibisha.

Hafsa


Rasbura, Lindi
Alhamisi, 11 Julai 2024

Mwanangu Hafsa,

Nimezijua siku zako mia na kumi na tatu.

Jirani yangu Bi. Warda ametolewa eda ya mumewe wiki hii. Nilikwenda kumpa salamu. Nikamwuliza alikaa ndani siku ngapi. Akaandika kwa kidole hewani: mia na thelathini. Nikarudia kwa sauti kuhakikisha, akanifokea, "Mzee, punguza, mpaka soko kuu wamesikia!" Nikarudi kwangu nikachukua kalamu. Mia na thelathini, toa mia na kumi na tatu, zinabaki kumi na saba. Kumi na saba kurudi nyuma kutoka tarehe 20 Juni ni tarehe 3 Juni, Jumatatu. Tarehe hiyo naijua, nilikuandikia mimi.

Mtu mwingine angeandika "mpaka mwezi wa kumi" na nisingejua chochote hadi naingia kaburini. Wewe umeshindwa kuzungusha hesabu hata ya kujifichia.

Barua yangu ya tarehe 5 Juni naomba uichome. Nilikuandikia kifo cha mumeo kama mtu anayetoa taarifa kwamba gari limeharibika. Nikakuambia ule vizuri na ulale. Sijui ulikuwa umesimama au umekaa ulipoisoma. Mimi ni Mkristo wa bara, miaka thelathini nakaa na Waislamu wa Rasbura, na sikuona. Pole sana, binti yangu.

Sasa kazi, maana siku hazitusubiri. Leo ni ya saba katika kumi na nne.

La kwanza. Nilimwuliza imamu wetu, kwa maandishi, hakuna aliyesikia. Anasema mwenye eda akiwa na dharura ya kweli, hasa haki yake kupotea, anaweza kutoka mchana na kurudi kabla ya magharibi, alale nyumbani kwake. Sikulazimishi, dini ni yako. Nakupa nilichopewa.

La pili ni gumu kuliko la kwanza. Kwenye fomu, kipengele cha maelezo, nimeandika kwa mkono wangu: "Mlalamikaji hana uhusiano wowote na dereva." Nilifurahi siku ile, sikufichi. Nilijua wataanzia hapo. Kumbe nilikuwa najenga juu ya shimo. Ukieleza kwamba hukufika kwa sababu ya eda, utaulizwa eda ya nani. Ukimtaja, Haruna atasimama na kusema, njama si hiyo hapo?

Kwa hiyo naelewa kwa nini umenyamaza. Naomba tu usininyamazie mimi. Juzi tarehe 9, kabla sijajua haya, nilikwenda Mingoyo kumwuliza mjane wa Amiri kama kuna daftari. Nilizungumza naye nikiwa nje ya mlango. Unajua sauti yangu. Kama nilivuruga kitu, nivumilie.

Erasmo


Mingoyo
Ijumaa, 12 Julai 2024

Kwa Hafsa wa Kilwa,

Salamu naziacha kwanza, zitakuja zikipata nafasi.

Mimi ni Samia, mke wa Amiri. Nilitaka kumpa shemeji yangu miwani ya marehemu. Nikafungua kifuko, nikainua kitambaa nifute vioo, nikakuta barua yako. Ulisema kweli, hakuwahi kufuta. Na hakuwahi kuisoma. Ulikuwa umeikunja mara nne na mikunjo ilikuwa bado mikali.

Siku tano sikusema na mtu. Ukiwa na eda hakuna anayekushangaa ukinyamaza, wanadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni pia. Nilikutukana kichwani matusi yote niliyofundishwa na mengine nikatunga mwenyewe. Halafu nikamgeukia yeye nikamtukana, na yeye hajibu, nikajikuta nimerudi kwako. Uliandika hunilaumu kwa kushika simu. Hilo liliniudhi kuliko yote. Nani alikuomba uwe mwema?

Jumanne alikuja yule mzee kiziwi wako. Alisimama mlangoni akapiga kelele kwamba kesi ya mpima mizani wa Kilwa imeondolewa kwa sababu mwenyewe hataki kutoka nyumbani, na je, marehemu aliacha daftari? Kuku walikimbia. Mingoyo yote ikajua. Mimi peke yangu nilijua kwa nini hutoki. Nikahesabu, nikaona mimi na wewe tumeingia siku moja na tutatoka siku moja. Hata hapo sikupata cha peke yangu.

Sasa sikiliza. Daftari hakuna. Lakini upande wa banda langu, pale alipokuwa anasimamisha gari akija kula, hapaoti kitu. Hata magugu. Udongo umekuwa mweupe wa chumvi. Miaka sita ule mfereji wa gari ulikuwa unachuruzika pale maji ya zambarau yenye povu, yananuka mpaka jirani analalamika. Nikaanza kutega ndoo ya lita ishirini. Akimaliza wali na kikombe cha chai, ndoo imejaa. Naibeba mimi kwenda kuimwaga mbali, na yeye anachokonoa meno. Nilimwambia, "Kampuni yako wanauza pweza au wanauza maji?" Akacheka akasema, "Muulize mpima mizani." Sikujua alikuwa anacheka na nani moyoni.

Kwenye barua unasema unahitaji mtu aliyeona maji. Mimi nimeyabeba.

Lakini sitaapa kumsaidia "mfanyakazi aliyekuwa na marehemu kampuni moja". Nikisimama pale wataniuliza unanihusu nini, na mimi siwezi kusema uongo uliouanza wewe. Andika wewe ni nani. Ukiandika, nitakuja. Usipoandika, barua yako naichoma na ndoo naendelea kuchotea maji ya kisima.

Samia binti Ramadhani


Kilwa Masoko
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada Samia,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Sijui kama naruhusiwa kukuita dada, lakini wewe ndiye uliyetangulia, na shikamoo ni haki yako.

Sina la kujitetea. Nilijua yupo na wewe nikakubali kuolewa. Kaka yangu Salumu wa Sudi aliniozesha, shehe akaandika, watu wanne walikula wali, basi. Kila mwaka nilisema huu ndio mwaka wa kukuambia. Alikuwa na huruma Amiri, hakutaka kumwumiza mtu, na kwa hiyo alituficha sisi sote wawili kila mmoja kutoka kwa mwenzake. Na mimi nilimsaidia.

Hakuna aliyeniletea msiba. Niliusoma kwenye barua ya kesi, kati ya habari ya vitabu na habari ya basi. Nilitandika mkeka, nikavaa nguo nyeupe, nikafunga dirisha. Hakuna mtu aliyekuja kunihani kwa sababu hakuna aliyejua nina wa kumlilia. Yustina jirani ananiletea maji na unga na haulizi. Nadhani anafikiri najificha kwa aibu ya wizi.

Na anakaribia ukweli. Hili sijamwambia hata Mzee Erasmo. Imamu wa Lindi anasema ninaweza kutoka mchana kwa dharura. Nilikuwa najua. Mama yangu alikaa eda ya baba, akatoka mara mbili kwenda kutetea shamba la mikorosho, akarudi kabla ya jua kuzama. Eda haikunizuia kwenda Lindi tarehe 13, wala tarehe 4. Nilijificha ndani yake. Niliona hapa hawawezi kunifuata na lile swali. Siku mia na thelathini bila mtu kuniuliza, Amiri ni nani kwako.

Kuhusu ndoo yako nitakuambia ukweli, ingawa unanipunguzia. Lita ishirini zile si maji ya pweza peke yake. Humo mna maji ya barafu, na barafu hatukuipima. Haruna atasema hivyo, na atakuwa sahihi. Lakini maji ya barafu hayana rangi wala povu, na hayawezi kuua magugu. Kwa hiyo ndoo yako haithibitishi kilo 41. Inathibitisha kwamba kitu kilikuwa kinatoka garini kila safari, miaka sita, akiwa amesimama mbele ya nyumba yake anakula, si porini anauza. Ukiiweka juu ya hati zangu thelathini na sita, inatosha.

Nitaandika mimi ni nani. Ukitaka kuichoma barua ile, ichome. Ukitaka kuibakiza, ni ya mwisho niliyomwandikia, ningependa kujua iko mahali.

Hafsa


Kilwa Masoko
Jumanne, 16 Julai 2024

Mzee Erasmo,

Shikamoo. Leo saa tatu asubuhi nimetoka nje. Nimevaa nguo yangu nyeupe, kichwa nimefunika, nimepita katikati ya soko mpaka kwa wakili anayeapisha watu. Mama mmoja wa pweza, kati ya wale niliokataa kuwakata kilo, aliweka chini beseni lake akanitazama nguo, akasema, "Mwanangu, umefiwa na nani?" Nikamwambia mume wangu. Akaniambia pole, na alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hivyo kwa mdomo. Nililia pale pale, samaki wanasubiri.

Saa nne na dakika kumi nilikuwa nimerudi ndani.

Kiapo nimekiandika mwenyewe, wakili amenyoosha maneno tu. Nakunukulia sehemu tatu za mwanzo ili usishtuke ukikipeleka:

"1. Mimi ni Hafsa, Mwislamu, mkazi wa Kilwa Masoko, mlalamikaji.

2. Mimi ni mjane wa Amiri, dereva anayetajwa kwenye shauri hili, aliyefariki tarehe 3 Juni 2024. Tulioana mwaka 2020. Kwenye fomu ya malalamiko nilieleza kwamba sina uhusiano naye. Maelezo hayo hayakuwa kweli. Niliyatoa mimi, na aliyenijazia fomu hakujua.

3. Sikufika tarehe 13 Juni na tarehe 4 Julai kwa sababu nilikuwa nakaa eda, na kwa sababu niliogopa kuulizwa jambo lililoandikwa hapo juu. Sababu zote mbili ni za kweli na sitaki kutaja moja nikaacha nyingine."

Wakili alitaka nifute nusu ya pili ya namba tatu. Alisema eda peke yake inatosha, nusu ile inanichoma. Nilimwambia nimepima kwa miaka kumi na moja na sijawahi kuinua mkono kabla mshale haujatulia.

Najua wanaweza kukataa. Najua wakikubali, Haruna atasimama na namba mbili mkononi. Basi asimame. Aje aeleze kilo zilizopungua kila safari kabla sijaolewa niliziuza na mume yupi.

Kesho konda wa basi la mchana atakuwa na bahasha. Ndani mna kiapo na nakala ya cheti cha ndoa. Maelezo ya Samia, mke mwenzangu wa Mingoyo, yatakufikia kutoka kwake mwenyewe, uyaunganishe. Usiipeleke tarehe 19.

Hafsa


Rasbura, Lindi
Alhamisi, 18 Julai 2024

Binti yangu,

Mhuri umegongwa leo saa sita na dakika tano. Siku ya kumi na nne. Bahasha yako ilifika jana magharibi. Maelezo ya Samia yameletwa leo saa tano na nusu na dereva wa bodaboda kutoka Mingoyo, ameyaandika kurasa tatu na mwishoni ameweka kidole gumba na sahihi, vyote viwili, ili asije akadaiwa kwamba si yeye. Nilikimbia. Sijakimbia tangu mgomo wa kiwandani.

Nakala ya Haruna nilimpelekea ofisini kwao hapa Lindi. Akasoma amesimama. Akauliza kitu, sikusikia, nikampa kalamu. Akaandika: "Huyu mjane wa nani?" Nikamwonyesha mstari wa pili. Akaendelea kusoma, akafika kwenye maelezo ya ndoo, akakaa.

Sikudanganyi kwamba tumeshinda. Mwamuzi anaweza kusema aliyesema uongo mara moja hafai kusikilizwa. Anaweza kusema hofu si sababu ya msingi. Ila amepanga kutusikiliza: Alhamisi tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi. Ameandika kwa herufi kubwa kwamba mlalamikaji afike mwenyewe, kuna swali atamuuliza uso kwa uso.

Nimehesabu. Ni siku ya themanini ya eda yako. Itabidi utoke tena.

Erasmo


Kilwa Masoko
Jumapili, 21 Julai 2024

Mzee Erasmo,

Shikamoo. Nitakuja.

Samia ameniandikia. Barua ile hakuichoma, ameirudisha chini ya kitambaa. Anasema siku hiyo ataniletea chai kwenye chupa kwa sababu chai ya hoteli za Lindi haiamini, na kwamba hilo lisinifanye nidhani tumekuwa marafiki.

Nimepiga hesabu ya safari. Basi la saa kumi na mbili asubuhi linanifikisha Lindi saa tatu na nusu. Kikao saa nne. Gari la kurudi ni la saa nane kamili, Masoko saa kumi na moja na nusu, dakika kumi za kutembea. Jua siku hiyo linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nikirudi kwa wakati nafika mlangoni nikiwa na dakika arobaini mkononi.

Mwambie mwamuzi aulize asiwe na haraka. Jibu langu safari hii ni fupi.

Hafsa, mjane wa Amiri